Friza ya samaki iliyosoma nyuzi 85, na HAL niliyodhani ninayo

Saa kumi na robo alfajiri simu inaita, naangalia jina ni mama wa samaki wa kule Deep Sea, nikajua tu hapa kuna msiba ama kuna friza. Napokea, hata shikamoo haijaisha mdomoni ananidaka, "Mwanangu, hii mashine yako inasema friza namba mbili ina joto themanini na tano. Themanini na tano! Samaki wangu wanachemka humo ndani au?"

Nikamwambia mama usifungue friza, nakuja. Nikachukua baskeli, maana Tanga hii bajaji ya saa kumi alfajiri ni ya kubahatisha, nikakanyaga kutoka Ngamiani mpaka mwaloni jasho linanitoka na jua halijachomoza. Nafika keshafungua. Changu na kolekole wamelala wamekauka kwa barafu kama matofali, ukimgonga kolekole kichwani analia ko, ko. Na kwenye kitochi chake meseji ipo pale pale: FRIZA 2 = 85.0. Fomati ya ile meseji niliiandika mimi, draiva (kodi ya kuendesha sensa) niliandika mimi, bodi nililehemu mimi, na HAL, ile safu ya kodi inayoficha hadiwea ili draiva zisijue zipo kwenye chipu gani, niliandika mimi, hapo hata wa kumsingizia sikuwa naye.

Kifaa chenyewe ni kitu kidogo tu. Ndani kuna chipu ya STM32F103, ile ya megahezi 72 yenye fleshi (kumbukumbu ya kuhifadhia programu) ya kilobaiti 64 na RAM ya kilobaiti 20, juu yake nimeweka FreeRTOS, mfumo mdogo wa kuipangia chipu kazi zake, kuna modemu ya 2G ya kutuma meseji, na sensa za joto za DS18B20 zinazoingia kwenye friza kwa waya mrefu. Ukikatika umeme kinaendelea na betri, na ili betri isife mapema nilikuwa nazizimia sensa umeme kila zikimaliza kusoma. Kumbuka hilo la kuzima, ndo limeniua.

Sasa mtu yeyote aliyewahi kuishika DS18B20 akisikia namba 85 anacheka kabla hujamaliza sentensi. 85 ndo namba ambayo sensa inaamka nayo ikipewa umeme, inakuwa imekaa kwenye kumbukumbu yake inasubiri ipimwe joto la kweli. Unaiambia pima, unasubiri, afu unasoma. Ukisoma kabla haijamaliza unapewa ile 85 ya kuamkia. Datashiti, karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, inasema kwa usahihi wa biti 12 kupima kunachukua hadi milisekunde 750. Mi kwenye kodi yangu nilikuwa nasubiri 750 kamili. Nilikuwa na uhakika huo, nikarudi kibandani nikafungua faili nikamwonesha dogo ninayefanya naye kazi, tazama, 750 hii hapa.

Dogo akauliza swali moja, "750 ya saa ipi bro?"

Nikataka kumjibu jeuri nikakosa jibu. Kusubiri kwangu kulikuwa ni lupu. Hesabu kuanzia sifuri mpaka namba fulani, na ile namba niliipata mwaka 2019 kwa kukaa na oskiloskopu, kile kifaa cha kuonesha mawimbi ya umeme, nikaibadilisha badilisha mpaka ikatoka sawa. Kwenye ile chipu ya 2019 ilikuwa 750 kweli. Lakini 2021 chipu ziliadimika dunia nzima, STM32 niliyokuwa naagiza ikawa haipatikani na ikipatikana bei inakuliza, nikanunua chipu pacha ya watengenezaji wengine, inaingia mguu kwa mguu kwenye bodi ile ile, megahezi zile zile 72, kodi ile ile inawaka bila kubadilisha herufi. Nilifurahi nikasema nimepona.

Kumbe pacha anakimbia kuliko mwenzie. STM32F103 ukiikimbiza megahezi 72 fleshi yake haiwezi kufuata mwendo, inabidi chipu isubiri mapigo mawili kila inapochota maelekezo toka kwenye fleshi. Pacha yeye anayanakili maelekezo kwenye RAM yake ya ndani, hasubiri kitu. Megahezi ni zile zile ila lupu ile ile inaisha mapema. 750 yangu ikawa kama 500 na kitu. Na sensa nazo hazifanani, 750 ni kikomo cha juu, nyingine zinamaliza kabla, ndo maana friza namba moja na namba tatu zilikuwa zinasoma vizuri na namba mbili inachemsha samaki.

Utaniuliza, wewe una FreeRTOS, kwanini ulisubiri kwa lupu wakati kuna vTaskDelay, fankshoni yake ya kusubiri kwa saa ya kweli? Jibu la aibu ni kwamba ile draiva niliiandika kabla sijaanza kutumia FreeRTOS, nikaihamisha jinsi ilivyo, ikafanya kazi, na kitu kinachofanya kazi nani anakigusa.

Ila kilichoniuma zaidi siyo lupu. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa na HAL! Nilikuwa na folda kabisa imeandikwa hal, nilikuwa najisifia nayo, nikikaa kijiweni kwenye kahawa na vijana wenzangu wa mambo haya nawaambia mi draiva zangu hazijui chipu, zinaita HAL tu. Ndani ya ile folda kulikuwa na fankshoni ya kupandisha pini, ya kushusha pini, ya kusoma pini, basi. Nilikuwa nimeficha pini. Muda sikuuficha, kwasababu kichwani mwangu muda haukuwa hadiwea. Hadiwea ni kitu unachokishika, pini unaiona, unaigusa na pasi ya kulehemu. Muda nilidhani ni hesabu tu.

Na hata zile fankshoni za pini, ukizifungua ndani unakuta zinaita laibrari ya mtengenezaji wa chipu ambayo nayo inaitwa HAL hivyo hivyo, na majina ya poti za chipu yake yamejaa mpaka kwenye draiva zangu, GPIOA huku, GPIOB kule. Laibrari ile kazi yake ni kukurahisishia kuhama kutoka chipu yao moja kwenda chipu yao nyingine. Haikuahidi kwamba utahamia kwa jirani. Mi nililiona jina nikatosheka na jina.

Sasa sikia nilivyoharibu zaidi wakati wa kurekebisha. Mtu mwenye akili angekaa akafikiri. Mi nilikuwa na mama anapiga simu kila asubuhi, nikaweka #ifdef, sharti linalomwambia kompaila (programu inayogeuza kodi kuwa lugha ya chipu) achukue mistari ipi: kama ni chipu mpya zidisha namba za lupu mara mbili. Kwanini mbili wakati tofauti haifiki hata moja na nusu? Nikasema ziada haiumi, kusubiri sana siyo dhambi. Nikajaza #ifdef kwenye draiva ya joto, kwenye ya modemu, nikatest kwa mama namba zikarudi nyuzi hasi 18 na pointi zake, nikanywa chai.

Wiki mbili baadae kuna mteja wangu Pangani, ana friza ya pweza na samaki wadogo wadogo, kifaa chake ni kile cha zamani chenye STM32 ya ukweli. Nikampelekea femuwea mpya, yani programu ya ndani ya kifaa, na wakati wa kukompaili nikasahau kuzima ile alama ya chipu mpya. Yani chipu ya zamani ikapewa subira ya kuzidishwa mara mbili. Na ziada haiumi, si ndiyo?

Inauma. Kwenye huu waya wa DS18B20 kuna mahali kusubiri sana hakuna shida na kuna mahali ni sumu. Ukitaka kusoma biti moja unaushusha waya kidogo, unauachia, afu lazima uuangalie ndani ya maikrosekunde 15 tangu ulipoushusha, maana baada ya hapo sensa ina ruhusa ya kuuachia, na ukishaachiwa waya unapanda wenyewe na wewe unasoma moja hata kama sensa ilisema sifuri. Mi nilikuwa naangalia kwenye kama 12. Mara mbili, ongeza na ule muda wa kuita fankshoni, nikawa naangalia kwenye 30 hivi. Kila biti ikawa moja. Biti zote zikiwa moja kwenye hii sensa namba inayotoka ni hasi 0.0625, na meseji yangu inakadiria kwenye desimali moja, kwahiyo yule baba wa Pangani alikuwa anapokea FRIZA 1 = -0.1 kila baada ya saa moja, asubuhi, mchana, usiku.

Uone sasa tofauti. 85 inapiga kelele, inamwamsha mama saa kumi alfajiri. Hasi 0.1 inanyamaza. Inafanana na barafu. Friza yake ilikufa kompresa siku ya Ijumaa, Jumapili ndo akasikia harufu. Sensa inatuma baiti 9 na ya 9 ni CRC ya kukagua kama zile nane zimefika salama, ningekuwa naikagua ningejua siku ya kwanza, sikuwa naikagua kwasababu "inafanya kazi".

Nilipanda gari kwenda Pangani, kama kilomita 50 hivi, nikiwa na hela ya fidia mfukoni na maneno ya kuomba radhi nimeyapanga njia nzima. Nafika namwamkia, yule mzee akaitika marahaba, hakunifokea. Alisema tu, "Fundi, bora ungeniambia mashine haijui." Akanionesha shimo alipomwaga pweza. Hilo neno lake nimelibeba kuliko kitu chochote nilichowahi kusoma kwenye datashiti. Mashine haijui. Tangu siku ile kila fankshoni ya joto kwangu ina njia ya kusema sijui, na ni marufuku sijui kugeuzwa namba.

Nilivyorudi nikazima simu siku mbili nikaanza kusoma wenzetu wanafanyaje. Nikafungua kodi ya kerneli (kiini) ya Linux kwenye folda ya hizi sensa za waya mmoja, w1. Nilichokikuta kimenifanya nijione mjinga kwa namna nzuri. Wamegawa pande mbili. Upande mmoja kuna watu wanaojua kuendesha waya: kuna faili la kuuendesha kwa pini ya kawaida, w1-gpio, kuna la kuuendesha kupitia chipu ya DS2482 inayokaa kwenye I2C (njia ya waya mbili ya chipu kuongea), kuna la kupitia kifaa cha USB cha DS2490. Upande wa pili kuna w1_therm, hiyo ndo inajua sensa ya joto, inajua ombi la kupima ni lipi, inajua CRC, inajua kubadilisha biti kuwa nyuzi. Na w1_therm haina habari kabisa kama chini yake kuna pini au kuna USB.

Angalia walipochora mstari. Mi nilichora kwenye pini: panda, shuka, subiri. Wao kikubwa wanachoomba chini ni kazi: amsha waya uone kama kuna mtu, andika biti, soma biti. Unaweza kusema tofauti ndogo, lakini mstari wangu ulikuwa unamlazimisha draiva wa joto ahesabu maikrosekunde, na yeyote anayehesabu maikrosekunde kwa mkono lazima ajue chipu anayofanyia kazi. Mstari wao umempa kazi ya kuhesabu yule aliyeko chini ambaye chipu anaijua kwa jina la ukoo.

Niliuhamisha mstari. Na zawadi nikaipata papo hapo, maana kuna ujanja wa zamani wa watu wa hizi sensa ambao kwa mstari wangu wa kwanza usingewezekana hata kuuota: kuuendesha ule waya kwa UART, poti ya kawaida ya siriali, bila kuhesabu kitu chochote kwenye softwea. Unaiweka UART mwendo wa 9600 unatuma baiti 0xF0. Biti moja kwa mwendo huo ni kama maikrosekunde 104, biti ya kuanzia ni sifuri na nne zinazofuata ni sifuri, jumla tano, waya unakaa chini maikrosekunde 520, na sensa inataka zisipungue 480 ili iamke. Ikiitikia, baiti inayokurudia haifanani na uliyotuma. Afu unapandisha mwendo 115200, biti moja inakuwa kama 8.7. Ukituma 0xFF waya unashuka kwa ile biti ya kuanzia tu, hiyo ni moja. Ukituma 0x00 unashuka biti tisa, kama maikrosekunde 78, hiyo ni sifuri. Kusoma unatuma 0xFF unaangalia kilichorudi, kikirudi kizima ni moja, kikirudi kimeharibika ni sifuri. Unahitaji tu kupanga pini ya kutuma isisukume waya juu kwa nguvu. Nilipoona inafanya kazi kibandani, usiku, feni inazunguka na joto la Tanga lile la kaskazi, nilisimama nikacheza peke yangu. Draiva ya joto sikuigusa hata mstari mmoja.

Na jamani jibu lilikuwa mezani kwangu miaka yote. FreeRTOS yenyewe imegawanywa hivyo hivyo, kiini chake ni faili chache za C, tasks.c, queue.c, list.c, afu mambo yote ya chipu yamefungiwa kwenye port.c na portmacro.h. Nilikuwa nayaruka hayo mafaili kila siku kama mtu anayeruka mfereji mlangoni kwake, hajawahi kujiuliza unapeleka maji wapi.

Nikadhani nimemaliza. Ikaja mizani.

Mama alitaka pia kupima mzigo unaoingia, nikaunga HX711, ile chipu ya biti 24 ya kusomea mizani. Hii unaipigia mapigo kwenye pini ya saa, 24 ya kuchota namba, la 25 la kuiambia tuendelee na chaneli ile ile. Shida yake moja, ukiiacha pini ya saa juu zaidi ya maikrosekunde 60 inajua umeiambia lala, inazima. Mi naisoma vizuri, mara ghafla kilo 14 za dagaa zinasoma sifuri, ukirudia zinarudi. Siku nzima nimechomoa waya nimechomeka. Kumbe modemu ikipokea meseji inapiga intarapti, yani inaikatiza chipu kazi iliyonayo, na ile fankshoni yangu ya intarapti ilikuwa ndefu kama hotuba ya harusi, ikitokea katikati ya pigo pini ya saa inabaki juu, HX711 inalala zake.

Hapa ndo nilipoelewa kwamba kusema tu "HAL ifiche hadiwea" ni nusu ya habari. Nani anajua kwamba 60 ni mwisho? Draiva ya HX711, hiyo ni siri ya HX711, chipu ya katikati haihusiki. Nani anajua jinsi ya kuzuia intarapti? Wa chini, kila chipu ina njia yake. Ukimwachia draiva azuie intarapti mwenyewe, chipu imepanda juu. Ukimwachia wa chini aijue 60, HX711 imeshuka chini. Kwahiyo draiva sasa inaomba hivi: nipigie pigo moja, lisikae juu zaidi ya maikrosekunde 50, ukishindwa niambie. Wa chini anazuia intarapti wakati pini iko juu tu, pigo moja moja, siyo mapigo yote 25 kwa mpigo, maana ukizuia muda wote huo modemu nayo inapoteza herufi. Namba inatoka juu, uwezo unatoka chini.

Linux wana kitu kama hicho kwenye pini nikakipenda sana. Kuna fankshoni gpiod_set_value na kuna nyingine gpiod_set_value_cansleep. Zote zinaweka pini juu au chini. Ya pili ni kwa ajili ya pini ambayo inaweza kuwa siyo ya chipu yenyewe, iko kwenye kichipu cha pembeni unachokifikia kwa I2C, na kuifikia inabidi usubiri zamu, unalala kidogo. Wangeweza kuficha wakafanya zote moja, wakaonekana nadhifu. Hawakuficha, maana ukiiita ile ya kulala ukiwa ndani ya intarapti umekwisha. Wameiandika kwenye jina. Mi nikaiga, fankshoni zangu zinazoweza kusubiri zinaishia na neno hulala. Dogo anasema majina yana sura mbaya. Kweli yana sura mbaya.

Sasa ungedhani na yote hayo nimepata akili, la, nikaugua ugonjwa wa pili. Mtu aliyeungua na uji anapuliza maziwa ya mgando. Nikaanza kuandika HAL ya kila kitu, jedwali la pointa za fankshoni kama arobaini, kuna ya DMA ambayo siitumii, kuna ya skrini na kifaa hakina skrini, kuna ya kubadilisha kasi ya chipu wakati inakimbia. Wiki tatu! Siku ya kukompaili fleshi ya kilobaiti 64 ikajaa na modemu bado haijaingia. Pale ndo nikamkumbuka mzee mmoja fundi mafriji wa barabara zetu za namba hapa Ngamiani, yule hana friza anayoibebea zana zote, anauliza kwanza ni ya gesi gani. Nikafuta thelathini. Kanuni yangu siku hizi, sichori mstari mpaka niwe na vitu viwili vya kweli chini yake vinavyotofautiana, na cha tatu cha uongo.

Cha uongo namaanisha hivi. Kwenye laptopu tuna waya wa kuigiza, ni faili tu la C linalojibu kama sensa. Tunaliambia leo kuwa sensa iliyokatika, leo jibu 85, leo rudisha moja tupu kama Pangani, leo chelewa. Draiva ya joto inakimbia pale pale kwenye laptopu bila bodi, dogo anaweza kujaribu makosa ambayo mwaloni yangetokea mara moja kwa mwaka tena usiku wa Idd. Na draiva ikikataa kukompaili kwenye laptopu, jua kuna mtu kapitisha jina la rejista (chumba cha ndani cha chipu) kwa mlango wa nyuma. Hakuna haja ya kubishana kama HAL ni safi, kompaila anasema.

Hii kitu siyo ya fundi wa kichochoroni peke yake, hilo lilinipoza moyo. Windows NT ilivyotoka 1993 ilikuwa na HAL yake ili mfumo mmoja ukimbie kwenye mashine za aina tofauti. Na mwaka 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilalamika hadharani kuhusu upande wa Linux wa chipu za ARM, zile za simu na bodi ndogo, kila bodi ilikuwa na mafaili yake, watu wanarudia kodi ile ile kwa majina tofauti. Dawa waliyoisukuma ni devaisi trii, maelezo ya bodi yakatolewa kwenye kodi ya C yakawekwa pembeni, pini gani imeunganishwa na nini, kerneli inasoma. Android nao mpaka 2017, kwenye toleo la 8, ndo wakaweka mpaka rasmi kati ya mfumo wao na draiva za watengeneza simu. Mi na #ifdef zangu nikajiona sipo peke yangu.

Devaisi trii kamili sijaweka, fleshi ni ile ile. Nina jedwali moja kwa kila bodi, ukurasa mmoja, nani yuko pini ipi, anatumia waya wa aina gani. Bodi ya mama, bodi ya Pangani, bodi mpya. Neno #ifdef la chipu likionekana nje ya folda ya chini dogo ana ruhusa ya kunitoza soda, na keshakunywa mbili.

Mwaka huu tumebadilisha chipu tena, safari hii familia nyingine kabisa. Dogo alianza baada ya futari, mpaka anaondoka kwenda tarawehe waya wa joto ulikuwa unasoma, mizani ilimchukua siku mbili kwasababu ya yale mapigo. Draiva hakuna iliyoguswa. Tunachobishania sasa ni saa, DS3231, rejista zake zinahifadhi tarehe kwa BCD, kila tarakimu kwenye biti zake nne, na mwaka kwa tarakimu mbili, dogo anataka draiva ya juu ipewe hivyo hivyo ibadilishe yenyewe, mi nasema BCD isivuke mlango. Hatujakubaliana.

Juzi usiku mama kapiga tena. Moyo ukaruka. "Mwanangu, leo mashine haijasema kitu tangu magharibi." Nikavaa viatu, nikashika baskeli, nikafika kona ya kwanza nikajiuliza kitu, nikasimama chini ya taa nikairushia ile laini ya modemu vocha ya mia tano. Meseji tatu zikamfikia kwa mpigo, zote hasi 18.